Gesho ya Nyuma ya Jiko

Addis Ababa
Meskerem 5, 1990

Wubit, mke wa mjukuu wangu Getnet,

Hujambo wewe? Ng'ombe hajambo? Jiko langu halijambo? Mimi niko hai, kama kukaa kwenye kiti cha plastiki kutwa nzima ni kuishi.

Barua hii anaiandika Hirut, mke wa mwanangu Asnake. Mimi shule niliiona kwa nje tu, nikipita na mzigo wa kuni, na siku hizi hata huo ukuta wa nje siuoni tena. Nimemwambia aandike kila neno linalonitoka mdomoni, asinipambe. Basi andika, Hirut: chai ya nyumba hii ni maji yaliyoonyeshwa majani kwa mbali. Ameguna, lakini ameandika. Ni mwanamke mwema.

Daktari amenitazama macho. Anasema yameota ukungu, na ukungu huo unaweza kutolewa. Nikamuuliza lini. Akasema baada ya sikukuu ya Msalaba. Kwani ukungu wa macho nao unakwenda kusherehekea? Nimekaa. Nasimama, nakaa. Napapasa ukuta mpaka mlangoni, Hirut ananirudisha kitini kama mbuzi aliyekata kamba.

Sasa sikiliza. Nilipoondoka Weyra Amba wewe na mimi tulikuwa hatujazoeana. Ulikuwa unanipikia, halafu unanikimbia. Sikulaumu. Getnet alikwenda kujenga barabara huko kwenu kwenye misitu ya asali, akakuoa, akakuleta kwangu, akakaa mwezi, akarudi barabarani kwake kama mtu aliyeoa katapila. Umeachiwa nyumba ya kizee usiyemjua. Lakini nyumba ndiyo hiyo, na sikukuu ya Mikaeli ya mwezi wa Hidar ni zamu yake.

Chama chetu cha Mikaeli kina nyumba kumi na mbili, na kila mwezi nyumba moja inakaribisha wenzake kwa mikate na tela, pombe yetu ya shayiri. Mwaka jana zamu yangu ilipofika nilikuwa siuoni hata mdomo wa mtungi, nikairuka. Nyumba ikiruka mara mbili mfululizo, inatolewa. Ndiyo sheria, na mimi nilikuwa miongoni mwa walioipitisha, enzi hizo nina macho na jeuri. Mama yangu alikaa kwenye chama kile, na mama yake kabla yake. Mimi sitakufa nikiwa mtu aliyetolewa kwa Mikaeli. Nikichelewa huku, wewe ndiye utakayepika tela. Zamu anaweza kuishika mwanamke yeyote wa nyumba. Wewe ni mwanamke wa nyumba, hata kama bado unalala pembeni ya kitanda kama mgeni.

Anza na gesho. Tela bila uchungu wa gesho ni uji uliochacha. Miti yetu iko nyuma ya jiko, pale ninapomwaga maji ya vyombo. Aliipanda mama yangu. Mvua ikishakatika kabisa, vuna gesho, anika vizuri, weka pakavu. Usimwachie mtu mwingine kazi hiyo. Na Gebaynesh, jirani wa mteremkoni, asiitie mkono. Usimpe gesho, usimwombe gesho. Bora Mikaeli anywe maji. Sababu nitakuambia siku nikiwa na hasira ya kutosha.

Kula ushibe. Usilale na njaa kwa ajili ya aibu.

Mimi, Mantegbosh


Weyra Amba
Meskerem 20, 1990

Bibi yangu mpendwa Mantegbosh,

Nakusalimu kwa heshima, nikikuombea kwa Mungu na kwa Mikaeli macho yako yafunguke. Barua yako ililetwa na kondakta wa basi siku ya pili ya Msalaba. Nimeisoma mara nyingi. Niliposoma habari ya chai nilicheka peke yangu mpaka ng'ombe akageuka kunitazama.

Hapa salama. Maua ya njano yamejaa mteremko wote. Kuku mwekundu ameatamia. Getnet hajaandika.

Bibi, kuhusu zamu usiwe na wasiwasi. Tela nimeiona ikipikwa hapa tangu niolewe, gesho ikiwa tayari imetwangwa, na shangazi yake Getnet aliyeko ng'ambo ya mto amesema atanielekeza hatua za mtungini. Ama gesho, hiyo hata usinifundishe. Kwetu ndiyo kazi niliyokua nayo. Baba yangu ana mizinga ya nyuki msituni, anatengeneza teji, pombe ya asali, inayosifiwa mpaka mjini, na mimi ndiye niliyekuwa namvunia gesho tangu nikiwa mdogo. Tangu nifike hapa kila kitu ninachoshika nakishika kombo. Hata moto wenu unawashwa tofauti. Hili moja nalijua. Nimeshanoa panga, nangoja mvua ikatike tu.

Mjukuu wako,
Wubit


Addis Ababa
Tikimt 4, 1990

Wubit,

Msalaba umepita, na daktari naye amepita. Amekwenda semina. Semina ni nini? Hirut anasema ni mahali watu wenye akili wanakaa kwenye viti. Basi mimi nina semina yangu hapa tangu mwezi wa mvua.

Mwili wangu uko kwenye kiti cha Asnake, miguu iko kwenu. Naamka najua kabisa kuwa nje kuna umande na ng'ombe hajakamuliwa, nanyoosha mkono kutafuta fimbo yangu, nashika redio. Asnake anasema, "Mama, tulia." Amekuwa akiniambia nitulie tangu alipoota ndevu.

Unasema umenoa panga. La nini? Kuna fisi? Nimelifikiria panga hilo siku nzima. Labda ni la kuni.

Niambie gesho imekuwaje mwaka huu. Majani yamenenepa? Yanang'aa juu kama yamepakwa siagi? Ukiyachuma chuma kwa vidole, anzia chini, acha vikonyo vya juu mti upumue. Yaanike mpaka ukilifinya jani lilie kama karatasi. Halafu utayatwanga mwenyewe, mchi wa mbao, si wa chuma. Kimea cha shayiri kiko kwenye gunia lililofungwa kwa kitambaa cha bluu. Shayiri nyingine ni ya kula, usichanganye.

Nijibu upesi. Siku zinatembea, na mimi nimefungwa.

Mantegbosh


Weyra Amba
Tikimt 10, 1990

Bibi yangu mpendwa,

Salamu nyingi sana. Natumaini daktari amerudi.

Hapa tunaendelea. Kuku mwekundu ameangua vifaranga, wawili wakaliwa na mwewe, waliobaki wana nguvu. Ng'ombe anakamuliwa vizuri. Nimepaka ukuta wa jiko upya kwa udongo na samadi, ukuta wa nyuma pia. Paa la ghala lilikuwa na tundu, nimeliziba. Kimea nimekiona kwenye kitambaa cha bluu. Mtungi mkubwa nimeusugua. Kanisani tulikwenda siku ya Mariamu, watu wote wanakusalimu, hata Aba Woldu kasisi ameuliza utarudi lini.

Nakuombea.
Wubit


Addis Ababa
Tikimt 14, 1990

Wubit,

Nimekuuliza gesho, umenijibu kuku.

Hirut amenisomea barua yako. Nikasema, rudia, umeruka mstari. Akarudia. Nikasema, geuza karatasi, ameandika nyuma. Hakuna nyuma. Nimejua vifaranga wamebaki wangapi, nimejua samadi imepakwa wapi, na miti ya mama yangu haimo hata kwa jina.

Jicho la kulia limepasuliwa jana. Wamenifunga yote mawili kwa kitambaa, nimekaa gizani nikitengeneza habari mwenyewe, na habari ninazotengeneza gizani si nzuri. Kwanza nikasema Getnet ameuza gesho kwa wachuuzi. Baadaye nikasema hapana, huyu binti amefunga virago amerudi kwa nyuki wa baba yake, na barua ameandika akiwa kwenye basi. Halafu nikasema kuna moto. Asnake ananiambia nisiwaze. Huyu mtoto nilimzaa ili aje aniambie nisiwaze?

Wubit. Mimi si mtu wa maneno laini, hilo umeliona. Lakini sijawahi kumpiga mtu aliyeniambia kweli. Waliodanganya nimewapiga, na Asnake ni shahidi. Niambie.

Mantegbosh


Weyra Amba
Tikimt 18, 1990

Bibi Mantegbosh,

Nimeikata.

Nimeikata yote. Miti yote mitatu, kwa panga, usawa wa goti. Ndivyo tunavyovuna kwetu. Kwetu gesho ni mti wenyewe: tunakata matawi, tunamenya gome, tunapasua vijiti, tunaanika, na vijiti hivyo ndivyo vinavyoingia kwenye teji. Majani hatuna kazi nayo. Niliyakung'uta nikampa mbuzi. Mbuzi akaonja, akanitazama, akaondoka. Nikayafagia nikayatupa kwenye shimo la samadi. Nilifanya kazi hiyo siku mbili nikiimba, Bibi. Nilipanga vijiti chini ya paa vizuri sana, nikasema akirudi ataona kuwa Getnet hakuoa mjinga.

Kesho yake basi likaleta barua yako. "Chuma kwa vidole." Niliisoma nimeegemea rundo la vile vijiti.

Nilikimbilia shimo la samadi. Majani yalikuwa yamelowa samadi na kuwa meusi. Nilikwenda soko la Jumamosi, majani yaliyopo ni ya mwaka jana, yamekaa karibu na madebe ya mafuta ya taa na yananuka hivyo. Shangazi wa ng'ambo ya mto yeye hununua hapo hapo. Gebaynesh anayo, mti wake naona unang'aa kutoka kwenye ua wetu. Umenikataza. Amekuja mara mbili mpaka kwenye ua, akasimama akatazama visiki, akanitazama mimi, akaondoka bila neno. Nikaingia ndani nikafunga mlango.

Ukuta wa nyuma ya jiko niliupaka upya kwa sababu sikuweza kukaa bila kufanya kitu, na nilipoupaka nilikuwa nimevipa visiki mgongo.

Nimefunga nguo zangu kwenye shuka. Nikafungua. Nikafunga tena. Mikaeli haiko mbali, na nyumba yako itatolewa kwa sababu yangu. Ukisema niende, nitakwenda. Nitamkabidhi ng'ombe kwa shangazi.

Wubit


Addis Ababa
Tikimt 21, 1990

Wubit,

Umemkata mama yangu mikono.

Nimeanza na hilo ili liishe kutoka. Aliipanda miti ile akiwa na mimi tumboni. Nimelia, na jicho lililopasuliwa halitakiwi kulia. Daktari amenifokea mbele za watu, na karipio hilo nalo liandike kwenye hesabu yako.

Halafu nikakaa. Nikamwambia Hirut anisomee barua yangu ya kwanza, maana yeye huandika mara mbili na kutunza moja, mambo ya watu wa ofisi. Akasoma: "vuna gesho, anika vizuri." Nikasema endelea, sema majani. Akasema hakuna majani. Sikusema majani! Kwani nani kwetu anaambiwa majani? Ni kama kumwambia mama anyonyeshe kwa ziwa. Na wewe ukaniambia una panga, mimi nikafikiria fisi. Basi tumeikata wote wawili, wewe kwa mkono, mimi kwa mdomo.

Sasa hasira ninayo ya kutosha, nitakuambia habari ya Gebaynesh.

Siku ya matanga ya mama yangu uwanja ulijaa watu. Mimi nimejitupa chini, nalia, wanawake wamenishika. Gebaynesh naye analia, tena kwa sauti kubwa kuliko mimi. Gesho ina tabia ya kudondosha mbegu chini yake, na miche inaota yenyewe. Mwanamke yule alizunguka nyuma ya jiko huku analia, akainama huku analia, akang'oa miche mitatu, akaificha kwenye shuka lake jeupe, akateremka kwao huku bado analia. Niliona udongo kwenye shuka. Miaka thelathini sasa hatujapeana hata moto. Tunakaa chama kimoja, tunanyweshana tela kwa zamu, na hatusemeshani ila "pokea" na "asante". Angeniomba, ningempa. Hakuomba. Hilo ndilo.

Kwa hiyo tumia akili. Mti unaong'aa mteremkoni kwa Gebaynesh ni mtoto wa mti wa mama yangu. Gesho yake ni yangu. Leo hii nenda, na umwambie hivi, neno kwa neno: "Mantegbosh anataka majani ya gesho yake." Usiseme tafadhali. Ukisema tafadhali nitajua.

Na shuka hilo la nguo fungua, ulikunje, uliweke sandukuni. Sijakwambia uende. Ukikimbia nitakufuata mpaka msituni kwenu kwa kupapasa, na nikikupata utanipikia huko huko.

Mantegbosh

Wubit, mimi Hirut, naongeza langu. Hakukwambia yote. Niliposoma neno "nimeikata" alisimama, akaomba koti lake na fimbo yake aende kituo cha basi. Macho yamefungwa, mvua inanyesha. Tulimshika watu wawili. Nenda kwa huyo Gebaynesh, tafadhali. Mimi nasema tafadhali.


Weyra Amba
Tikimt 26, 1990

Bibi,

Nilikwenda siku ile ile. Nilimkuta Gebaynesh anapepeta nafaka ya teff. Hakusimama.

"Umekosea njia?" akasema.

Nikasema, "Mantegbosh anataka majani ya gesho yake."

Ungo ukasimama. "Rudia."

"Mantegbosh anataka majani ya gesho yake."

"Yake?"

"Ndivyo alivyosema. Amenikataza kuongeza neno."

Bibi, alicheka. Alicheka mpaka akakaa chini kwenye makapi, akajifuta macho kwa pindo la shuka. "Miaka thelathini," akasema, "miaka thelathini namngoja yule mwanamke aje mlangoni kwangu anitukane nipate kumjibu, na siku anakuja anamtuma mtoto!" Kisha akanitazama. "Ni yeye alikufundisha kukata gesho kwa panga?"

"Hapana. Kwetu tunavuna mti."

"Nilisikia panga. Nikapanda mpaka kwenye ua wenu. Nikasema, akiniita nitasema neno. Ukaingia ndani ukafunga mlango. Nikasema, aa, huyu amekwisha fundishwa na Mantegbosh."

Tulichuma pamoja. Nilipovuta jani kwa nguvu alinipiga kidole. Aliniambia mambo yako mengi, mengine siwezi kuyaandika kwa sababu Hirut ndiye atakayeyasoma. Alisema mti wake mmoja anauchuma kwa ajili ya nyumba yake, mwingine kwa ajili ya nyumba yako. Majani yamekauka, yanalia kama karatasi. Kesho naanza kuloweka.

Sikusema tafadhali. Ila nilipoondoka nilimbusu goti. Hukunikataza hilo.

Wubit


Addis Ababa
Hidar 2, 1990

Wubit,

Goti! Haya.

Mtungi umeufukiza? Kwa mzeituni mwitu, si kwa kuni yoyote tu. Moshi uwe mwingi mpaka ukiinama ukohoe. Kabla ya hapo umeusugua kwa majani machungu? Mkate wa tela, wa kuvunjia mtungini, uungue kidogo pembeni, usiogope. Usiufungue mtungi kila saa kuchungulia, tela haipendi kuchunguliwa. Usiufungue kabisa. Ufungue mara moja tu, unuse, ufunge, uniandikie inanukaje. Hapana, barua haitawahi. Usiufungue.

Kitambaa bado kiko machoni. Nimeota mtungi umepasuka, tela inateremka mpaka kwa Gebaynesh, naye anakinga. Niliamka nikaomba nipelekwe nyumbani, Asnake akasema bado siku chache. Siku chache ni zake, zangu ni ndefu.

Ukiona umeshindwa, usikimbie. Simama mlangoni, wakaribishe, waambie tela imekataa. Watu wa Mikaeli si simba. Watatutoa, na kesho yake utaamka ukamue ng'ombe. Nyumba itakuwa imetolewa na wewe utakuwa ungali mtu wangu. Andika hilo vizuri, Hirut, hilo asome mara mbili.

Mantegbosh


Weyra Amba
Hidar 13, 1990

Bibi yangu Mantegbosh,

Hatukutolewa.

Nitakueleza. Walikuja wote baada ya kanisa. Nilitandika majani mabichi sakafuni, nikaweka mikate, nikavunja udongo wa mdomo wa mtungi mbele yao kama nilivyoona wakifanya siku za harusi yangu. Nilichota kwa haraka mpaka kata ikagonga mtungi. Nilikuwa nimeongeza na vijiti vichache vya kwetu, vya miti ya mama yako, sikutaka vikae bure chini ya paa. Sikukuambia. Nilifikiri nikiharibu, niharibu na vyote.

Aba Woldu akabariki, akanywa kwanza. Akatazama ndani ya kikombe. Akanywa tena. Wale wazee wa kike wakanywa. Bibi, ukimya ule! Nilimsikia kuku nje. Kisha bibi kizee aliyekaa karibu na nguzo akasema, "Ni ya Mantegbosh hii, lakini imeoa."

Mwingine akasema, "Mbona tunasikia gesho ya nyumba hii imekatwa? Hii ya wapi?"

Nikafungua mdomo niseme ukweli. Gebaynesh alikuwa kwenye kona, hajaongea tangu aingie. Akasema, "Ya nyuma ya jiko la Mantegbosh. Kunyweni."

"Nyuma ya jiko kuna visiki, Gebaynesh."

"Najua kilichoko nyuma ya jiko lile," akasema. "Nilikuwepo kabla yenu. Nilitoka na udongo kwenye shuka."

Kumbe wote walikuwa wanajua, Bibi! Miaka yote hiyo. Walicheka mpaka Aba Woldu akaweka kikombe chini asimwage. Walikunywa mtungi mpaka chini. Chungu cha Mikaeli kinachohama na zamu kilipokabidhiwa nyumba ya mwezi ujao, mimi ndiye niliyekibeba mpaka mlangoni, na Aba Woldu akasema, "Nyumba ya Mantegbosh imeshika zamu yake." Tena akaniita kwa jina.

Visiki bado ni vikavu. Kila asubuhi navimwagia maji ya vyombo. Sijaona kitu.

Gebaynesh yuko hapa, anataka niandike maneno yake.

Wubit

Mantegbosh. Ni mimi. Ulisema miche mitatu. Ilikuwa minne, mmoja ulikufa njiani kwa sababu niliubana kwapani, mwingine ukanikaukia. Sikuomba kwa kuwa siku ile ulikuwa unalia, na mtu anayelia haombwi mche. Kesho yake nikaja kukuambia, ukanifungia mlango. Basi nami nikafunga wangu. Sasa nimepanda mche mmoja, ulioota chini ya ile miwili iliyobaki, pembeni ya visiki vyako, mchana, watu wakiona. Miwili sikurudishii, imenizeekea. Binti huyu ana mikono mizuri ila anavuta jani kama anang'oa jino. Rudi nyumbani, sina mtu wa kumchukia kwa karibu. Gebaynesh.


Addis Ababa
Hidar 21, 1990

Wubit, mwanangu,

Naona.

Kitambaa kilitolewa juzi. Kitu cha kwanza nilichoona ni Hirut. Kumbe ni mzuri hivi! Miezi yote nimekaa naye nikidhani ana uso kama chai yake. Ameandika hili na analia, sijui ni kwa sifa au kwa chai.

Nimeiona barua yako kwa macho yangu. Kusoma siwezi, lakini nimeona mahali wino ulipochuruzika, nikajua hapo ndipo palipokuwa na ukimya.

Jumamosi napanda basi. Asnake anasema nisubiri jicho la pili. Hilo la pili litanikuta nyumbani. Njoo kituoni na punda. Usilete mwavuli, nataka jua linipige usoni. Vijiti vilivyobaki usivichome. Utanifundisha hiyo teji ya baba yako, na nikikosea usinionee haya, nipige kidole.

Kwa Gebaynesh peleka maneno haya: miche miwili ikae kwake. Kisiki kisipochipua, nyumba yangu ijue mlango wa kwenda kuomba, na safari hii utasema tafadhali, mimi nimekuruhusu. Lakini mwambie bado ni mwizi. Mwambie kwa sauti, asikie kutoka mteremkoni, asije akadhani nimekufa.

Mlango wangu uache wazi siku hiyo.

Hirut amenipa kalamu, ananiambia sasa naona, niweke alama yangu mwenyewe badala ya kidole. Nimechora hapo chini. Si kuku huyo, wala si samaki. Ni jani. Litazame vizuri. Hilo ndilo linalovunwa.

Mantegbosh